Duara la Dakika Kumi na Mbili

Saa 3:40 asubuhi

Kinyozi alifunga duka, akawaita chumba cha nyuma. Walikuwa wanne: yeye mwenye mpango, Dereva, Fundi, na Shemeji, mume wa dada yake Fundi, ambaye hakuna kitasa kilichowahi kumshinda.

Kazi ilikuwa moja. Karakana ya sonara, mlango wa uani, sefu. Walinzi wa asubuhi hutoka saa saba kamili. Wa mchana huingia saa saba na dakika kumi na mbili.

"Hapo katikati uani hapana mtu," Kinyozi alisema. "Ya kumi na tatu ni ya polisi."

Kisha akapitisha kofia, wakatia saa zao na simu zao. Ndiyo desturi yake. Saa mbili zikigombana, alisema, mtu husimama kufikiri, na anayesimama hukamatwa. Wote watafuata saa moja tu, ya Fundi.

Fundi alifungua kompyuta. Programu yenyewe huiandikii maneno. Unaburuta visanduku na kuviunganisha kwa nyaya za rangi. Alikuwa amechora duara la kijani. Kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kilizunguka, kikangoja sekunde moja, kikakata nusu digrii, kikachora duara upya. Mizunguko mia saba na ishirini, duara limekwisha; likishaanza, halibadilishwi mpaka liishe. Kijani, fanya kazi. Njano, kusanya. Nyekundu, dakika ya mwisho, kimbia. Shemeji angeiona picha hiyohiyo kwenye kishikwambi atakachofunga kifuani.

"Umeijaribu?" Kinyozi aliuliza.

Fundi alisema ndiyo. Alikuwa ameijaribu kwa dakika moja. Ilichelewa sekunde mbili, akasema ni kidole chake kilichochelewa kubonyeza.

Shemeji alimsifu mbele ya wote. Ni Fundi aliyemwingiza kwenye kazi hii, na alimwahidi dada yake kwamba atamrudisha mzima. Dada aliambiwa ni kibarua cha kufunga vitasa vya milango.

Saa 7:00 mchana

Gari lilisimama nyuma ya karakana, wote wanne ndani. Kabla ya kushuka, Shemeji alivua koti lake akamfunika Fundi magoti.

"Kaza moyo, shemeji," alisema. "Wewe nihesabie tu."

Fundi akabonyeza. Duara likaanza kuliwa.

Saa 7:11 mchana

Dereva hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitazama saa ya gari, akaitazama kompyuta, akarudia.

"Hii inasema saba na kumi na moja," alisema. "Duara lako?"

Duara lilikuwa la njano. Lilibakiza zaidi ya dakika mbili.

Hapo Fundi akaelewa. Kitanzi kilingoja sekunde nzima, halafu ndipo kikachora, na kuchora nako kunakula muda. Mezani, kompyuta ikiwa kwenye umeme, kilikula kidogo. Hapa ilitumia betri, ikawa nzito. Kila mzunguko ulikuwa umeiba chembe ya sekunde, na chembe zile zilikuwa zimejaa dakika nzima na ushei. Shemeji alikuwa mle ndani akifanya kazi kwa utulivu, akimwamini.

"Mpigie!" Fundi alisema.

"Kwa simu gani?" Kinyozi aliuliza. Kofia ilikuwa dukani.

Wanaume wawili wenye sare walipinda kona. Kinyozi aliwaona.

"Washa."

Dereva hakuwasha. Alisubiri mpaka Fundi akafungua mlango na kuruka chini. Ndipo gari likaondoka, na Kinyozi hakugeuka nyuma.

Saa 7:13 mchana

Fundi alichelewa hatua thelathini. Shemeji alikuwa amekalishwa sakafuni, mdomo umepasuka. Mlinzi mmoja, mzee, alimpa leso yake ajifute. Wafanyakazi wa maduka ya jirani walijazana mlangoni, na Fundi akawa kati yao.

Mlinzi wa pili alikifungua kishikwambi. Kwenye kioo picha ilikuwa imekwama, kipande cha njano.

"Nani kakutengenezea hii?"

Shemeji aliinua macho, yakakutana na ya Fundi. Fundi akafungua kinywa. Yalikuwa maneno mawili tu, ni mimi, na hayakutoka.

"Mwenyewe," Shemeji alisema. "Nilikuwa najifundisha."

Akageuza uso ukutani, kama mtu asiyemjua yeyote pale.

King'ora kilisikika. Fundi alirudi nyuma hatua moja, watu wakampisha. Akarudi ya pili.

Saa 8:05 mchana

Alipiga hodi kwa dada yake. Dada alifungua, akafurahi, akamwambia apite ndani. Alipita. Dada akabaki pale kizingitini, ameushika mlango, akitazama njiani na kumngoja wa pili.