Nani Alikata Migomba ya Mama Mkwe?

Nina miaka thelathini na moja na sijaolewa. Kwetu Kaagya ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba Adela alikataa mume kwa ajili ya mchezo wa simu. Watu wanacheka, wanamalizia rubisi yao, ile pombe ya ndizi, wanaendelea na mengine. Mimi sicheki... Leo nawasimulieni yote, wasomaji wenzangu, halafu mnipime wenyewe.

Nilikutana na Projestus mjini Bukoba, kwenye duka nilimokuwa nachora mabango na kadi za harusi za watu wengine. Yeye ni wa Kagoma, kule Muleba, na amesomea kompyuta. Alikuwa mpole. Haongei sana, na akiongea anatazama chini. Wenzangu walisema mwanaume mpole namna ile ni bahati, nami nikaamini. Siku hizi nikimwona mwanaume mpole navuka barabara, lakini wakati ule nilikuwa bado sijafundishwa.

Ndoto yake ilikuwa kutengeneza mchezo wa simu ambao watu wengi wanaucheza pamoja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwao. Mimi ndiye niliyempa mchezo wenyewe. Nilimwambia michezo ya kupigana risasi imejaa tele, sisi tuwape watu wetu kibanja, shamba la nyumbani. Kila mchezaji apande migomba yake na kahawa yake, na watu wa ukoo mmoja wawe kijiji kimoja, washindane na koo nyingine. Akasema, "Adela, hicho ndicho."

Tukauita Kibanja Chetu, tukapanga chumba Kashai, hapo hapo mjini. Yeye aliandika programu. Mimi nilichora kila jani la mgomba, kila nyumba, kila ndama. Kazi ile ilitula miaka, na katikati yake tukawa wachumba. Watu wa kwao walikuja Kaagya kuposa, rubisi ikanywewa, baba akapokea mahari. Tukakubaliana harusi ifuate mara mchezo ukishafunguliwa. Mambo mawili makubwa ya maisha yangu yakafungwa kwenye kamba moja, na mimi sikuona hatari yoyote. Ningeionaje?

Sasa someni polepole hapa, maana hapa ndipo nilipochimbiwa shimo, na jembe nilitoa mwenyewe.

Watu wengi husahau neno la siri la kufungulia akaunti. Tukahitaji swali moja ambalo mchezo utamuuliza aliyesahau, akijibu sawasawa apewe neno jipya. Mimi nikasema, tuwaulize muziro wao. Kwa msomaji asiyejua, kila ukoo wa Wahaya una muziro, yaani kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Wengine kamongo, wengine kima, wengine moyo wa ng'ombe. Mhaya anaweza kusahau tarehe aliyozaliwa, lakini muziro hausahau. Nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Projestus alinyamaza. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Kisha akasema, "Ni wazo zuri. Tuweke." Basi tukaweka, na mimi nikaendelea kuchora.

Tulifungua mchezo siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Vijana wa kwaya, Wakatoliki kwa Walutheri, walikuwa wametusambazia habari kila mahali. Editha, binti wa baba yangu mdogo, alikuja kutusaidia kupokea simu za wachezaji. Saa ya kufungua ikafika... mchezo haukufunguka! Watu waliingia wengi mno kwa pamoja na seva ikazidiwa. Projestus alihangaika nayo, Editha akawa anaomba radhi mpaka sauti ikakauka, mimi nikawa nasali rozari chini ya meza. Jioni ikakaa sawa.

Na ilivyokaa sawa, jamani, ilikuwa raha. Waliingia watu wa mjini, wa Muleba, hata wavuvi wa kisiwani Goziba. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Ma Anastazia, ambaye mwanawe alimnunulia simu kubwa, alinipigia mwenyewe kutoka Kagoma. "Mwana wange," akasema, "mgomba wangu umetoa mkungu." Nililia kwa furaha. Nikasema moyoni, mume nimepata, mama nimepata, kazi nimepata. Nilikuwa nataka nini tena?

Asubuhi iliyofuata simu zilianza. Wa kwanza alisema migomba yake imekatwa. Wa pili hivyo hivyo. Watu walijaribu kuingia kwenye vibanja vyao, neno la siri likakataa, wakabaki kuchungulia kwa nje huku mtu mwingine akiwa ndani na panga. Vijiji vya koo nzima vikalala chini.

Wa mbali mtaona ni mchezo tu. Kwetu mtu akikukatia migomba amekutangazia uadui, na watoto wenu wataurithi. Wazee walitupigia wakitetemeka kwa hasira. Mmoja alitaka tumtajie aliyemkatia ili ampeleke kwa mtendaji wa kijiji.

Msiba wangu mimi ulikuwa kijiji cha ukoo wa Projestus. Kilifyekwa chote, na akaunti zilizoonekana zikiingia na kutoka na mikungu zilikuwa za ukoo wangu! Kibanja cha Ma Anastazia, aliyejiandikisha kwa ukoo wa mumewe, kilibaki visiki. Hakunipigia tena. Alimpigia mwanawe, naye akaniletea ujumbe huku akitazama chini.

"Mama anasema harusi isubiri," aliniambia. "Anasema watu wanaokata migomba ya kwenye simu, kwenye kibanja cha kweli watafanya nini."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia tutachunguza."

Tutachunguza... Mchumba wangu, niliyekula naye sahani moja, alishindwa kumwambia mama yake kwamba Adela hawezi kufanya vile. Huko nje watu walikuwa wamekwisha amua. Walisema mimi ndiye ninayejua siri za kila akaunti, walisema ukoo wetu una husuda tangu zamani. Sokoni nilinunua nyanya kwa mwanamke aliyenirudishia chenji bila kunitazama.

Nami nikaanza kumshuku kila anayepumua karibu yangu. Nilimgeukia Editha. Si yeye ndiye aliyekuwa anaongea na wachezaji wote? Si yeye ni wa ukoo wangu? Alipokwenda kuoga nilichukua simu yake nikasoma kila kitu. Sikukuta wizi wowote, nilikuta maneno matamu ya kijana fulani wa Hamugembe. Alinikuta nayo mkononi. Alifungasha nguo zake bila kelele, akasimama mlangoni akasema, "Dada, ungeniuliza tu." Akarudi Kaagya. Hata hilo sikulijutia siku ile, nilidhani amekimbia kwa sababu ana hatia.

Simu ya wachezaji ikabaki kwangu. Siku moja akapiga mvuvi wa Goziba, Msukuma mmoja aitwaye Masanja. Hakuwa na malalamiko. Alikuwa anauliza kama anaweza kuongezewa ng'ombe. Nikashtuka. Watu wote wanalia, huyu anataka ng'ombe? Nikamuuliza kwa ukali kwa nini yeye hajaibiwa.

"Dada, hapa kambini hajaibiwa hata mmoja," alisema. "Sisi watu wa kuja. Lile swali lenu la muziro hatulijui, kila mtu aliandika lake. Mimi niliandika jina la ng'ombe wa babu. Nani atalijua?"

Nilikaa chini. Nikafungua mchezo, nikatazama juu ya kibanja cha mtu yeyote. Jina lake lipo, na pembeni yake jina la ukoo wake, nimeliandika mwenyewe kwa rangi ya dhahabu. Na ni Mhaya gani asiyejua kwamba ukoo fulani hauli kamongo? Ukishasoma ukoo wa mtu, jibu lake unalo! Tulikuwa tumejenga mlango, tukafunga kufuli, tukatundika ufunguo juu ya kufuli.

Nikaita watoto wa jirani, wanafunzi waliokuwa likizo, nikawauliza kwa upole. Walichekelea wakanionyesha. Walikuwa wanafundishana tangu Jumapili ile ile. Wanaingia kwenye akaunti ya ukoo mmoja, wanakwenda kufyeka ukoo mwingine, kisha wanahama. Hapakuwa na adui. Hapakuwa na husuda ya koo. Walikuwa watoto wanacheza.

Wasomaji wangu, ningeishia hapo ningekuwa mke wa mtu leo.

Lakini nilitaka kuhakikisha kwa mkono wangu. Projestus alikuwa amekwenda kwao. Nikashika simu, nikajaribu akaunti moja moja. Ya Editha, nikajibu muziro, ikafunguka. Ya baba yangu, ikafunguka. Ya Ma Anastazia, ikafunguka. Mwisho nikajaribu ya Projestus, ambaye muziro wake ni ule ule wa mama... hapana, wa baba yake, maana huko ndiko tunakochukua ukoo, na nilikuwa naujua kama ninavyoujua wangu.

Ikakataa.

Nikaandika upya kwa herufi ndogo. Ikakataa. Nikaandika kwa Kihaya. Ikakataa. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sote tulikiona na hatukukitilia maanani. Katika kijiji kile kilichofyekwa chote, kibanja kimoja tu kilikuwa kimesimama na migomba yake, nacho kilikuwa cha Projestus. Sote tulidhani ni kwa sababu yeye ndiye mwenye mchezo.

Kesho yake nilikwenda Kagoma. Nilianza na Ma Anastazia, nikamweleza habari ya swali na watoto. Alielewa upesi kuliko wasomi wote wa mjini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kumbe tulijiibia wenyewe," akasema. Akaniletea kahawa za kutafuna, akanishika mkono mbele ya mwanawe, akasema nimsamehe, harusi iendelee, atawatuma wazee kwetu wiki hiyo hiyo. Nilirudishiwa kila nilichokuwa nakililia. Ningeweza kunyamaza. Kwa nini sikunyamaza?

Projestus alinisindikiza kupitia kwenye mibuni. Nilimwambia, "Nimejaribu muziro wako, mchezo umekataa. Uliandika nini?"

Alitazama chini. Nilikuwa naomba aniambie alikosea tu.

"Niliandika namba," alisema. "Siku ile unaleta lile wazo nilijua halifai."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinieleza kwa ile sauti yake ya upole. Kulikuwa na watu Mwanza wanaotaka kuuchukua mchezo na kuukuza, lakini walimtaka yeye na programu yake. Hawakutaka washirika wawili. Hakujua aniambieje. Akaona Kibanja Chetu kikianguka chenyewe, kwa swali langu mwenyewe, nitakata tamaa bila ugomvi. "Ungeolewa, ungetulia hapa na mama," alisema. "Sikukata mgomba hata mmoja, Adela."

Ni kweli hakukata. Alisimama pembeni akatazama migomba ikikatwa.

"Na mama yako aliponishuku mimi?"

"Nilijua itapita."

Itapita! Nilivyozunguka mji mzima nimeinamisha kichwa, nilivyomfukuza ndugu yangu wa damu, yeye alikuwa anajua jibu na anasubiri ipite. Nilimtazama nikajiuliza, nikimzalia watoto, ni mangapi mengine atayajua akanyamaza? Nikiumwa? Nikidanganywa na watu? Sikumtukana. Nilimwambia aniagie mama yake, maana mimi singeweza kumtazama tena usoni, nikaenda kusimama barabarani.

Nilipomwambia baba arudishe mahari, aliweka chini panga alilokuwa anapogolea migomba, tukakaa.

"Alikupiga?" aliniuliza.

"Hapana, tata."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Sasa nikasimame mbele ya wale wazee niseme wanarudishiwa kwa kosa gani?"

Nilieleza seva, nikaeleza swali, nikaeleza namba. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ni habari ya mchezo." Alikwenda akarudisha, kwa aibu, kwa sababu ananipenda. Mpaka leo haamini kama nilikuwa na akili timamu.

Mchezo sasa umetoka upya kwa jina jingine, na unakwenda vizuri. Lile swali limeondolewa. Majani ya migomba ni yangu, nayajua kila mshipa. Editha nilimwangukia miguuni akanisamehe, ila nikiingia anaigeuza simu yake kifudifudi, na sina haki ya kumlaumu. Mimi nimerudi kuchora kadi za harusi. Mteja akiniambia kazi ni nzuri namuuliza mara mbili kama anasema kweli.

Dada zangu, na kaka zangu pia, nawaombeni. Msijifunze kupekua simu za watu kama nilivyofanya, maana utamkuta asiye na kosa. Mwenye kosa huenda amekaa mbele yako anakoroga chai. Mwambie mwenzako jambo lako, na akinyamaza, usiandike hapo kwamba amekubali. Mkalishe chini umuulize anajua nini ambacho wewe hujui, na umuulize kabla wazee hawajanywa rubisi ya posa. Mimi niliuliza baada ya kunywewa, na aliyekwenda kuirudisha mahari, huku akitafuta jina la kosa njia nzima, alikuwa baba yangu.