Jiwe la Mlima wa Kwanza

Gari lilikuwa zito, na Muyisa hakuelewa kwa nini. Kigari chake cha injini ndogo kilizoea kupanda njia ya kijijini kwao Kipese na magunia ya viazi juu ya paa. Kinalalamika, lakini kinafika. Leo kilibeba mkewe Jokébed, aliyetoka kujifungua mjini Butembo, mtoto wao wa kwanza, na mama mkwe, Mama Emérence. Basi. Hata hivyo, kila kona kilizidi kuishiwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa nyuma.

Mlima wa kwanza waliupanda kama wanavyoupanda wenye magari madogo wote. Mzazi alibaki ndani na mtoto. Mama Emérence alishuka akafuata kwa miguu, jiwe mikononi, tayari kulisukumia nyuma ya gurudumu injini ikizimika. Ilizimika kweli, na jiwe likashika. Walipofika juu alimpa mkwewe jiwe hilo alitupe kwenye mtaro, maana jiwe lililozuia gari huachwa palepale kwenye mlima wake. Muyisa alilijua hilo vizuri sana. Lakini mvua ilikuwa inakuja, mlima wa pili ulikuwa mbele, na jiwe lenyewe lilikuwa bapa, limeshika kuliko lolote alilowahi kutumia. Akalitia kwenye buti, akanyamaza. Ujanja wa kijinga kabisa.

Sasa walikuwa katikati ya mlima wa pili na ukungu umewafunika. Harufu ya udongo uliofukuliwa ilijaa ndani ya gari. Kisha huko nyuma, ndani ya buti, kitu kikakohoa.

"Umesikia?" Jokébed akanong'ona.

Muyisa akamwambia ni amotisa, springi za nyuma zimechoka. Hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Akakanyaga mafuta, injini ikalia, gari likatambaa kidogo kisha likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea korongoni ingawa mguu wake ulikuwa umegandamiza breki mpaka mwisho, na kwenye kioo aliona mlango wa buti ukifunguka na kujifunga, ukifunguka na kujifunga, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na kila ulipofunguka mtoto alitoa mlio mwembamba, mpaka Jokébed akasema kwa sauti iliyokatika kwamba hamsikii tena mikononi, amekuwa mwepesi, amebaki nguo tu.

Muyisa alikata usukani, mkia wa gari ukagonga ukingo wa mlima, wakasimama. 

"Muyisa," Mama Emérence akasema taratibu, "ile jiwe uliacha wapi?"

Muyisa alitazama kioo cha nyuma.

"Mukwe wangu, sema ukweli. Mutoto anaenda."

"Iko mu coffre, kule nyuma, mama."

Mama mkwe alifumba macho. Alipoyafumbua alimwambia wageuze gari, walirudishe lilikotoka, hata kama watafika kesho. "Hapana kuitupa hapa. Hii mulima haiijue."

Muyisa alitazama ukungu nyuma yao, akatazama mtelemko, akamsikia mkewe analia. Hofu ilimshinda. Alishuka, akafungua buti. Jiwe alilolibeba kwa mkono mmoja sasa lilimtaka mikono miwili na kifua, nalo lilikuwa na joto. Alilibingirisha hadi ukingoni, akalisukumia korongoni. Alitega sikio alisikie likitua. Hakusikia kitu.

Lakini gari likawa jepesi. Likapanda mlima kama limezaliwa upya, na Muyisa, kwa furaha, akapiga honi njia nzima. Mama Emérence alikuwa amemkodolea macho mtoto.

Kipese wanawake walitoka mbio na vigelegele kumpokea mzazi. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Jokébed hakushuka.

"Papa," akamwita mumewe kwa sauti ndogo, "kuja unisaidie. Siwezi kumubeba."

Mtoto alikuwa amelala kwenye kiti pembeni yake, macho wazi, anamtazama baba yake bila kupepesa. Alinuka udongo. Muyisa akapitisha mikono yote miwili chini yake, akavuta kwa nguvu zake zote, na gari zima likainama upande wake.