Jicho la Nyati

Jua lilikuwa linazama nyuma ya barabara kuu Everline alipopanda ngazi za jengo moja la ghorofa mjini Arlington, huko ughaibuni, mkononi mfuko wa dawa kutoka famasi. Alikuwa nesi wa kuhudumia wagonjwa majumbani, na mgonjwa wake, Mzee Jayant, alikuwa amebakiza pumzi chache. Daktari alishasema familia ijiandae.

Familia yenyewe ilikuwa mke tu. Mama Nirupa alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake hakikuwa kimepotea, na ndiyo maana alimpenda Everline.

Everline alimkuta dirishani anachora. Picha ndogo, haizidi kiganja, kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi. Kila alipovuta mstari alibana pumzi.

"Huyu nani, Mama?"

"Yama. Mungu wa mauti."

Mtu wa rangi ya kijani alikuwa amepanda nyati mweusi, ameshika kitanzi. Ndani ya kitanzi, kijitu kidogo kama kidole gumba. Nyuma yao alitembea mwanamke.

"Na huyu Savitri. Yama alimchukulia roho ya mumewe, hiyo kwenye kitanzi. Akamfuata kwa miguu, anaongea naye tu, mpaka akarudishiwa."

"Mbona nyati hana jicho?"

"Jicho huwekwa mwisho."

Akachovya brashi. Nukta moja nyeupe.

Chumbani Mzee alikoroma... kisha kimya.

Everline alikimbia, akamshika kifundo cha mkono. Hakuna mpigo. Ndipo harufu ikaja. Zizi. Tope. Majani yaliyotafunwa. Na hapo ni ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa.

Ko... ko... ko...

Kwato.

Zilipita sebuleni taratibu, zikielekea mlangoni.

"Mshike mkono," Mama Nirupa alinong'ona. "Usimwachilie."

"Mama, usitoke."

Alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, akiongea Kigujarati kwa upole kama anayemsindikiza mgeni.

Everline aliomba kila sala aliyofundishwa. Mkono ulizidi kupoa. Nje, taa za maegesho ziliwaka. Alikuwa karibu kukata tamaa vidole vya Mzee vilipombana.

Mzee alivuta pumzi.

Mama Nirupa alirudi na tope hadi vifundoni, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Akamfunika mumewe shuka vizuri.

"Amekubali," alisema.

"Hivi hivi tu?"

Mama hakumtazama. "Aliuliza nani amemshikilia Jayant huku nyuma. Alitaka jina."

"Ukamwambia?"

Mama aliinuka kwenda kubandika chai.

Mzee Jayant yuko hai mpaka leo. Daktari anasema moyo una mambo yake. Everline aliomba ofisi impe mgonjwa mwingine, akapelekwa Fort Worth, mji wa jirani. Lakini giza likianza kuingia haitiki jina lake. Hata Mogaka, mumewe, akimwita kutoka jikoni, yeye hunyamaza palepale alipo, akangoja mpaka amwone uso.