Nani Alimtoa Mwanangu Kizimbani?

"Muuaji!"

Nilimpigia kelele mama mkwe wangu mbele ya majirani wote, mwanangu Tuhin akiwa amelazwa mkekani, nywele zake bado zinachuruzika maji...

"Umemuua mwanangu, wewe mzee!"

Akanitazama tu. Kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemtoa kizimbani. Nisamehe."

Jamani, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjaniunga mkono. Siku ile kijiji kizima kiliniunga mkono, na mimi nikajiona nina haki!

Naitwa Monwara. Kwetu Barishali nyuma ya nyumba zetu kuna mabwawa, kila moja tunalitumia pamoja na majirani. Tunaoga humo, tunaosha vyombo humo, na watoto wetu wanafia humo, hasa asubuhi mama akiwa jikoni.

Ndiyo maana Tuhin alipoanza kutembea, dada wa afya, Kohinoor, akatufundisha kujenga kizimba cha mianzi uani, mtoto achezee humo salama. Mume wangu Shahadat alipopata likizo kutoka kazini kwake mji mkuu, Dhaka, akakijenga kwa siku mbili. Fito alizipiga msasa mpaka zikawa laini, na mianya haikupitisha kichwa cha mtoto. Chini tukatandika mkeka, ndani tukaweka vifuu vya nazi, kijiko cha mti na mpira wa matambara. Mlango ukafungwa kwa komeo la nje.

Mama mkwe alipokiona, mbona kasheshe!

"Kwani mjukuu wangu ni bata? Mnangoja atage?"

"Mama, ni kwa usalama wake."

"Nimezaa sita, sikumfungia hata mmoja!"

"Na wale wawili wako wapi, Mama?"

Akageuka, akaingia ndani. Wale wawili walichukuliwa na bwawa lilelile. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mdomo wangu huu!

Toka siku hiyo nikawa namvizia. Mara mbili nilimkuta amemtoa mtoto, amempakata anamwimbia. Kwa hiyo msiniulize kwa nini nilimshuku yeye.

Asubuhi ya msiba ilikuwa msimu wa mvua. Niko jikoni naunga dengu, kuni mbichi, moshi umenijaa machoni. Mama mkwe yuko upenuni anachambua mchele. Binti yangu Ruma, miaka sita, anacheza uani.

Nilipotoka... mlango wa kizimba uko wazi!

"Tuhin!"

Nikakimbilia nyuma ya nyumba.

"TUHIIIN!"

Tulimkuta bwawani, chini ya magugu maji. Jirani yetu Hatem akamtoa, akamweka kichwani na kuanza kumzungusha ili maji yatoke, kama wanavyofanya huku toka enzi za mababu. Akazunguka mpaka akaishiwa nguvu yeye mwenyewe. Mwanangu hakuamka.

Kohinoor alifika akilia.

"Mngempulizia pumzi mdomoni! Mngemkimbiza hospitali! Huku kuzungusha kunawapotezea muda tu!"

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwita mama mkwe wangu muuaji.

Miezi minane nilimkaushia. Chakula chake nakiweka mlangoni, naondoka. Shahadat akipiga simu hamuulizii mama yake. Wanawake wakimwona anakwenda kuoga, wanasubiri atoke ndipo waingie. Mzee akakonda, akawa anakula tonge mbili tatu. Hakujitetea hata siku moja, na mimi moyoni nikasema, angejitetea na nini?

Juzi akaja jirani yangu Lipi. Mtoto wake ameanza kusimama.

"Dada, kile kizimba naomba nikichukue. Pole kwa kukukumbusha."

Nikamwambia achukue. Kilikuwa kinaniumiza kila nikikiona.

Ruma akatoka ndani mbio, akakikumbatia kile kizimba.

"Usimpe, Mama! Mtoto wake atakufa!"

"Wewe Ruma, maneno gani hayo?"

"Nitamtoa tena!"

Tena?

Lipi akanitazama. Mimi nikapiga magoti.

"Ruma... umesema tena?"

"Alikuwa analia sana, Mama. Nikamfungulia. Nikaenda ndani kumtafutia bisi za mchele... niliporudi hayupo. Bibi akaniambia nisimwambie mtu yeyote."

"Nani alikutuma umfungulie?"

Akaniangalia kwa woga.

"Wewe. Ulisema, Ruma mnyamazishe mdogo wako, nikija hapo nitakuchapa!"

Wapendwa! Nilikuwa nimesahau kabisa! Nilikuwa nikiyasema maneno hayo mara kumi kwa siku, nani angeyakumbuka?

Nikamfuata mama mkwe upenuni.

"Mama, ulijua?"

"Nilisikia ukimtuma. Nikadhani anakwenda kumchezesha tu. Na mimi sikunyanyua kichwa kwenye mchele wangu."

"Sasa kwa nini ulikubali lawama yote?"

"Ningemwachia nani? Mtoto wa miaka sita aibebe maiti mgongoni mpaka uzeeni? Wangu umeshapinda, mwanangu."

"Nilikuita muuaji, Mama..."

"Bora uliponichukia mimi. Ungejichukia wewe, Ruma angelelewa na nani?"

Nilimshika miguu, nikalia mpaka sauti ikakauka. Na yeye akalia, kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Mwenye mtoto na amjengee kizimba leo. Lakini komeo liwe juu, mkono wa mtoto mwenzake usilifikie. Na anayemwangalia awe mtu mzima aliyeweka kazi nyingine chini. Mtoto halei mtoto. Tulikuwa watu wazima wawili pale nyumbani, tukamwachia kazi hiyo mtoto wa miaka sita.

Ruma nimemwambia kosa si lake. Nitamwambia kila siku mpaka aamini. Jana kaniuliza, "Mama, kama Bibi hajafanya kitu, mbona watu bado hawamsalimii?"

Mama mkwe kanikataza kusema. Safari hii simtii.

Mlioko kijijini mnaosoma hapa, Ruma asiulizwe neno na mtu yeyote. Na yule mzee mnayemkwepa bwawani anaitwa Saleha. Hakumuua mjukuu wake. Kesho mkimwona, msalimieni. Mwenye lawama ni mimi.