Maji ya Kesho

Kila asubuhi Émerence alifagia uwanja wake, hata kama ulikuwa safi. Kufagia kulimpa sababu ya kutoka nje. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mstari, ndani ya kambi ya askari ya Kamina. Mume wake, Kaporali Fils, alikuwa amepelekwa mbali kikazi tangu miezi minne iliyopita. Alimwacha na mimba, na jiko la makaa, na simu iliyoshika mtandao mahali pamoja tu, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Émerence alitoka Gemena, mbali sana upande wa kaskazini. Huko watu wanasema Lingala. Kamina watu wanasema Kiswahili na Kiluba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na hicho kidogo alikionea haya. Alipokwenda kupimwa mimba mara ya pili, mkunga aliuliza swali, yeye akajibu, na wanawake kwenye benchi wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini mtu mpweke akisikia kicheko, anakichukua chote kuwa chake. Hakurudi tena kupimwa. Majirani walisema ana kiburi, kwa sababu alipita bila kuongea. Kumbe alikuwa anatafuta maneno.

Jumanne moja aliamka akakuta kitenge alicholalia kimelowa. Haikuwa damu. Yalikuwa maji, na hayakunuka mkojo. Tumbo halikuuma. Mimba ilikuwa imetimiza miezi tisa.

"Labda ni kawaida," alijiambia.

Angekuwa kwao, angemwuliza mama yake. Alisimama karibu na kamba ya nguo, akampigia mama mara sita. Simu haikupita. Siku nzima maji yaliendelea kutoka kidogo kidogo, na siku nzima hakuna mtu aliyebisha mlangoni. Émerence alilia. Halafu akaona aibu ya kulia, akakifua kile kitenge.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ni methali nzuri, lakini inasahau jambo moja. Kuna mtu asiyeficha kitu, ila hana wa kumwonyesha.

Jumatano asubuhi alijilazimisha. Alichukua bidoni, dumu lake la maji, akaenda bombani. Kwa wiki mbili bomba hilo lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi, na foleni ilikuwa ndefu. Jirani yake Mujinga, mke wa sajini, alikuwa mbele.

"Yambo, mama," Émerence alisema. "Mayi... mayi inatoka kesho."

Hapa lazima nieleze. Katika Lingala, neno moja, *lobi*, lina maana ya jana, na pia lina maana ya kesho. Anayesikiliza anajua ni ipi kwa kufuata mazungumzo. Émerence alitaka kusema kwamba maji ya tumbo yametoka tangu jana. Kwa Kiswahili alipaswa kuchagua kati ya maneno mawili, akachagua lisilo sawa.

Mujinga alishika kiuno. "Kesho? Nani njo alikuambia? Bale bantu ba mayi banabongopa kila siku!"

Émerence hakuelewa kwamba Mujinga anasema watu wa maji ni waongo. Alisikia neno kesho, akaitikia. "Kesho," alisema tena, na akagusa tumbo.

"Eh, kweli, mama. Mutoto iko karibu, utahitaji mayi mingi," Mujinga alimjibu kwa huruma. Kisha akawageukia wenzake. "Bamama! Mayi itatoka kesho! Mulete mabidoni yote!"

Wanawake walifurahi. Mmoja alipiga makofi. Mwingine alimjazia Émerence bidoni yake kabla ya zamu, akambebea mpaka mlangoni. Tangu afike Kamina hakuna aliyemtendea hivyo. Alisema aksanti, aksanti, huku akingoja wamwulize habari ya tumbo. Hawakumwuliza. Walirudi bombani wakicheka, yeye akabaki mlangoni na bidoni yake imejaa.

Saa nne Mama Masengo alipita bombani na kikapu cha samaki wakavu wa Kinkondja. Huyu ni mwenyeji wa Kamina, mama wa parokia, mwenye sauti kubwa na magoti mabovu. Ameuza samaki kambini miaka mingi, na Lingala yake aliipata hapo hapo, kwa kubishana bei. Ana pia kazi nyingine. Anawasindikiza wanawake wanaokwenda kujifungua. Katika nchi nyingine mtu wa namna hii anaitwa doula. Kamina wanamwita Mama Musindikizi.

"Mabidoni yote hii ni ya nini?" aliuliza.

"Mayi inatoka kesho," Mujinga alijibu. "Ule mama wa Lingala njo alisema. Ule wa mimba."

Masengo aliweka kikapu chini. "Alisema namna gani? Uniambie vile alisema."

"Alisema mayi inatoka kesho. Akashika tumbo."

"Yesu wangu! Si mayi ya robine, Mujinga! Bantu ba Lingala banachanganya jana na kesho. Mayi ya tumbo njo ilitoka, tena jana! Kimbia, utafute moto!"

Kwa watu wa Kamina, robine ni bomba, na moto ni pikipiki ya kukodi. Mujinga alikimbia bila kuuliza zaidi. Masengo aliwaacha samaki pale chini, akaenda kubisha kwa Émerence, akaita kwa Lingala. Émerence aliposikia lugha yake mlangoni, alianza kulia kabla ya kufungua.

"Maji yametoka lini, mwanangu?" Masengo alimwuliza.

"Lobi."

"Lobi gani? Ile iliyopita au ile inayokuja?"

"Iliyopita. Asubuhi."

"Yana rangi gani?"

"Jana yalikuwa meupe. Leo yana ukijani kidogo."

"Una homa?"

"Nasikia baridi."

"Na mtoto, anacheza?"

Émerence aliweka mkono tumboni. "Tangu asubuhi, kidogo sana."

Masengo alimfunga kitenge kikavu kiunoni huku akieleza. "Mtoto anakaa ndani ya mfuko wa maji. Mfuko ukipasuka, vijidudu vinaweza kuingia. Mama hangojei uchungu. Anakwenda maternite, nyumba ya kujifungulia, saa ile ile, hata kama tumbo halimuumi. Na maji yakiwa ya kijani, au kukiwa na homa, au damu, au mtoto akipunguza kucheza, ni mbio."

"Sikuwa na wa kumwuliza."

"Najua. Ni sisi tulikosa. Twende."

Walipanda pikipiki, Masengo nyuma akimshika. Kwenye maternite mkunga Noémie alimpima joto, akaweka chombo tumboni, akasikiliza moyo wa mtoto. Alisikiliza muda mrefu.

"Moyo inapiga mbio sana. Infection inaanza," alimwambia Masengo. "Nitamupatia dawa sasa, na ingine ya kuamusha bisa. Kama mungengoja mupaka kesho..."

Infection ni maambukizi, na bisa ni uchungu wa kuzaa. Masengo alitafsiri kila neno, isipokuwa lile la mwisho. Kisha alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Sikiliza, mwanangu," alisema kwa Lingala. "Mimi si mkunga. Sipimi, sitoi dawa, sipokei mtoto. Hiyo ni kazi ya Noémie. Kazi yangu ni kubaki."

Na alibaki. Uchungu ulipoanza, alimkandamiza sehemu ya chini ya mgongo kwa kiganja. Alimfundisha kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepoza uji. Alimwomba Noémie ruhusa, akamtembeza chumbani, akampa chai ya sukari. Noémie alipouliza swali, Masengo alilileta kwa Lingala, akapeleka jibu kwa Kiswahili. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni ilipokaribia, Émerence alichoka. "Nataka mama yangu," alisema.

"Najua. Mimi si yeye," Masengo alijibu. "Lia, mwanangu. Lia, lakini pumua."

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Msichana. Hakulia. Noémie alimfuta haraka, akamsugua mgongo, akampa hewa kwa kifaa chake. Émerence hakumtazama mkunga. Aliutazama mdomo wa Masengo, kwa sababu siku nzima habari zote zilitoka hapo. Mdomo wa Masengo haukusema kitu.

Kisha ikasikika sauti nyembamba, yenye hasira. Noémie alicheka, akamlaza mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

"Anyonye sasa," alisema. "Maziwa ya kwanza iko njano, lakini si chafu. Hapana kukamua kutupa. Inalinda mutoto."

Walimpa jina Exaucée, Kifaransa cha mtu ambaye sala yake imesikiwa. Alitibiwa pamoja na mama yake, na baada ya siku kadhaa walirudi kambini wakiwa wazima.

Mujinga alikuja na sahani ya sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu. "Minyi nilisikia mayi, nikawaza robine tu. Unisamehe, mama. Kesho yake tulikuya na mabidoni yote, hata tone hakuna. Bote banacheka minyi sasa."

Masengo alitafsiri, na Émerence akacheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo Mujinga alimfulia nepi, ili mwenzake alale mtoto anapolala.

Masengo alirudi mara nyingi. Alitazama kitovu cha mtoto, akauliza kuhusu homa na damu. Mwisho aliuliza swali ambalo watu wengi hulisahau.

"Na roho, inasemaje?"

"Ninalia bila sababu," Émerence alikiri. "Nina mtoto mzuri, na bado ninalia."

"Wanawake wengi wanalia siku za kwanza. Usifiche. Kilio kikiendelea zaidi ya wiki mbili, au ukikosa hamu ya kula, ukashindwa kulala, ukamchukia mtoto, twende kwa Noémie. Huo ni ugonjwa, si aibu. Unatibika."

Kilio kilipungua, lakini hakikuisha. Nyumba ilikuwa bado ya mwisho katika mstari, na Fils bado alikuwa mbali.

Mambo mengine yalibadilika. Noémie sasa anamwambia kila mjamzito achague msindikizi mapema, mimba ikiwa na miezi saba, na amwambie yote. Asiye na ndugu anatafutiwa mtu. Na kila Alhamisi, siku ya kupima mimba, Émerence anakaa kwenye benchi na Exaucée mapajani. Mwanamke wa Lingala akija, anamsaidia kusema.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu, Fils alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Nimekupatia nafasi kwenye ndege! Alhamisi hii. Utakwenda Gemena, kwa mama yako."

Émerence alishika kamba ya nguo. Jambo hilo alikuwa amemwomba Mungu tangu siku ya kwanza.

"Alhamisi hii siwezi," alisema.

"Namna gani huwezi?"

"Kuna mwanamke amefika kutoka Mbandaka. Mimba ya kwanza, siku zake zimetimia. Mume wake naye amepelekwa mbali kikazi. Hajui hata neno moja la Kiswahili."

"Émerence, mama yako anakungoja."

"Najua. Mwambie ninamlilia. Mwambie nitakuja na ndege nyingine."

Fils alianza kusema kitu, simu ikakatika. Émerence alilia pale pale, kwa sauti, maana alitaka kwenda kwao kuliko kitu chochote. Kisha alijifuta uso, akamfunga Exaucée mgongoni, akaenda kubisha kwa yule mwanamke wa Mbandaka.