Kamera Iliyorudi Kamalondo

Krr… krr… tik.

Sauti ndogo, kavu, ilitoka chini ya blanketi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Bel-Air, na Edith alikuwa amejilaza gizani na gauni lake la kazi bado mwilini, miguu ikiwaka moto kwa ile njia ndefu aliyoitembea viatu mkononi.

"Plamedie, wacha ile kitu."

"Mama, appareil inakatala kutosha pua."

"Wacha, nimesema!"

Krr… krr… tik. Lenzi, ile pua ya kamera, ilijisukuma, ikakwama, kamera ikajizima. Ndiyo sauti aliyoisikia mchana ule mlangoni pa kanisa, bibi harusi ameinua pindo la gauni lake jeupe, ngazi zimejaa watu, waimbaji wamenyamaza wakimsubiri yeye. Edith alibonyeza. Krr, krr, tik. Akazima, akawasha. Krr, krr, tik. Mama wa bibi harusi, maman Albertine, amejaa ndani ya kitenge cha kijani na kilemba kirefu kama mnara, akamwambia kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mama photographe, hauna hata téléphone? Ao tungojee binti yangu azeeke?"

Watu wakacheka. Mpwa mmoja wa bwana harusi akatoa simu yake mfukoni akazipiga zile picha yeye. Edith akabaki amesimama na kamera yake kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa.

Sasa gizani alimpigia tena Ruphin, yule aliyemuuzia. Mwanamke wa mtandao akamjibu kwa Kifaransa kwamba namba ile haipatikani.

"Hapatikani, ndiyo," Edith akamjibu yule mwanamke. "Mwizi anapatikanaka? Ruphin, utanilipa. Sitaki feza yako. Utanilipa haya yangu."

Plamedie akajikunja karibu yake. Edith akamfunika miguu, akampapasa mgongo.

Ruphin huyo aliyekuwa akimtukana, Edith alikuwa amempenda kwa moyo wote.

Walikutana mtaa wa Kamalondo, mwezi wa mvua. Edith alikuwa ametoka kwa fundi wa nguo, kitenge chake kipya kimefungwa ndani ya plastiki, mvua ilipowavamia watu wote wa barabara kwa mara moja. Akakimbilia chini ya mabati ya kwanza aliyoyaona. Ndani yake kulikuwa na kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi vifungo vya mikono, na meza ya kamera za mitumba zilizopangwa juu ya kitambaa cheusi.

"Karibu, mama. Mvua ni ya bure, lakini kuangalia tunalipisha."

"Basi nitafunga macho."

"Ukifunga, nitaangalia mie."

Edith alijifanya hakusikia. Alikuwa amesoma masomo ya jioni akiwa na mtoto mgongoni, akijifunza kupiga picha kwa kamera ya kuazima, na kile alichokitaka duniani ni kuitwa photographe bila watu kucheka. Akanyanyua kamera moja ndogo nyeusi, ya lenzi inayotoka na kurudi.

"Hii imeshapiga picha ngapi?"

"Mama, bibi yako unamuulizaka amepika bukari mara ngapi? Anapika, unakula."

"Bibi yangu hakutoka Dubai ndani ya karton. Lenzi haina ukungu? Batri inashika? Na ikikufa, hapa Lubumbashi nani ataitengeneza? Vipande vyake biko wapi?"

"Nitaitengeneza mie."

"Na weye ukikufa?"

"Utanililia kwanza. Kisha utauliza appareil."

Cheko likamponyoka Edith kabla hajalizuia. Ruphin akaona mahali pa kupita. Akamwomba rangi yake ya kucha, ile nyekundu iliyochungulia mkobani, akadondosha tone moja juu ya skrubu ndogo chini ya kamera.

"Kila appareil ninauza naitia alama. Hii iko na rangi yako. Muntu mwingine akiifungua, tutajua." Kisha, macho yake hayacheki tena: "Siku ikikuabisha mbele ya bantu, kuya uniabishe na mie mbele ya bantu. Hapa hapa."

Mvua ilikatika, Edith hakuondoka. Tangu siku ile simu ikawa inalia kila jioni.

"Mamu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ruphin, umeniita juu ya bukari yangu?"

"Nimekuita juu ya sauti yako. Bukari ni njia tu."

Kamera ilimrudisha Kamalondo mara kwa mara. Leo inachelewa kuwaka, kesho picha ina doa. Ruphin aliifungua kwa bisibisi nyembamba, akaipuliza, akaifunga, akakataa malipo. "Kaa tu kidogo, mamu. Kule kukaa njo malipo." Plamedie akamzoea hadi akaanza kumwita tonton, yaani mjomba.

Kisha matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka, na Nono, binti mdogo wa maman Albertine, akafaulu. Edith akaitwa kupiga picha. Ilikuwa siku ya kelele na harufu tamu. Wasichana walimzunguka Nono na makopo ya poda ya watoto, wakammwagia kichwani, mabegani, ndani ya shingo, mpaka akawa mweupe kama sanamu ya plasta.

"Mama, juu ya nini banamumwangia poudre?" Plamedie aliuliza.

"Juu amefaulu, chérie. Mwenye kufaulu anamwangiwa."

Picha zikapendeza hata maman Albertine akasema harusi ya binti yake mkubwa hataki mwingine. Wiki ile ile Ruphin akapanda gari la Kasenga, kwenda kumwona mama yake kule kando ya mto Luapula. "Niko na maneno ya kumwambia juu yako," alisema. "Nikirudi, wajomba zangu batajua njia ya kwa shangazi yako."

Halafu ikaja ile Jumamosi ya harusi. Krr, krr, tik.

Siku ya tatu simu ya Ruphin ikaingia.

"Edith! Réseau ya huku ni ya bahati, nimepanda mpaka juu ya kilima…"

Edith akakata. Ikalia tena, akakata tena. Ujumbe ukaja: *Nakuya Alhamisi. Umekula?* Edith akausoma, akacheka cheko la uchungu mpaka Plamedie akamtazama.

Akamwita Jephté, mtoto wa mama yake mdogo, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa, kijana wa koti zuri na maneno matamu kuliko koti. Edith alikuwa amegundua jambo: ukiipiga ile kamera kofi kwa chini, lenzi hutoka mara moja, kisha hukwama tena.

"Uende umuuzie Ruphin."

"Yaya! Appareil yake mwenyewe?"

"Njo ile. Sumu ilitoka kwake, irudi kwake. Atainunua, ataiweka ku meza adanganye muntu mwingine. Ile siku nitakuya na kelele yangu. Nitaiwasha mbele ya bantu bote ba Kamalondo, basikie vile inaliaka."

"Yaya, weye uko mubaya."

"Nilikuwa muzuri. Uliona vile nilirudi kwa miguu, bila feza hata ya bus?"

Alhamisi Edith alijificha kwa fundi, ng'ambo ya barabara, kati ya magauni yaliyotundikwa. Ruphin alikuwa amerudi, uso umeiva kwa jua la mtoni, shati jeupe lile lile. Moyo wa Edith ukaruka. Akaugombeza kimya kimya: tulia, mjinga we.

Aliona Jephté akitabasamu, akieleza kwa mikono yote miwili. Aliona Ruphin akiipokea kamera, akiigeuza, kidole gumba kikisimama chini yake muda mrefu. Hakubishana. Akatoa pesa mfukoni, akampa.

Jephté akarudi akicheka, lakini cheko lilikuwa na ufa.

"Amenunua. Lakini yaya, hakuiwasha. Hata kofi yako sikuipiga. Aliniuliza tu: 'Mutoto hana magonjwa?' Nikasema sijui mutoto gani."

Kwa nini hakuiwasha? Edith alilitafuna swali hilo akisonga bukari, akalitafuna akimwogesha Plamedie, na hasira ikampa jibu lililomtosha: hakuiwasha kwa sababu anaijua. Mwuza maiti hahitaji kuuliza kama inapumua.

Jumamosi akavaa kwa ajili ya kisasi. Gauni la kitenge cha bluu na njano lililomkaa kiunoni, hereni ndefu, midomo myekundu. Kama ni kumwaibisha mwanaume, basi akione na anachokipoteza. Akamshika Plamedie mkono. Barabara ilikuwa imefurika, baa zimeanza muziki, cherehani zikilia pande zote.

"Bantu bote, mukuye musikie!"

Cherehani zikanyamaza moja moja.

"Munamuona huyu wa shati jeupe? Anawaita bamama 'mamu', kisha anabauzia vitu vilivyokufa! Aliniacha mbele ya kanisa na…"

Macho yakamfika mezani. Kamera yake haikuwa imewekwa kuuzwa. Ilikuwa imefunguliwa juu ya kitambaa cheusi, vipande vyake vimepangwa kwa uangalifu, na katikati yake kilima kidogo cheupe.

"Endelea," Ruphin alisema. "Ruhusa nilikupa siku ya mvua. Niabishe."

"Uliniuzia maiti!"

"Nilikuuzia mugonjwa. Maiti uliifanya weye. Nusia."

Akainua kitambaa. Edith akainama, na harufu ya Plamedie akitoka kuoga ikampanda puani. Poda. Akajiona siku ya Nono, amepiga magoti chini ya lile wingu jeupe, lenzi imetoka nje kabisa, akiwapigia wasichana kelele: "Mwangeni tena! Tena! Juu ya kichwa!" Yeye mwenyewe, kwa ajili ya picha nzuri.

Akainuka. Lakini neno moja lilibaki limemkwama sikioni.

"Ulisema mugonjwa?"

Ruphin akatazama chini.

"Lenzi ilikuwa imelegea tangu siku ya kwanza. Kuna nafasi pembeni yake, kadogo tu. Nilijua vumbi ya huku itaingia, na kila ikiingia utarudi kwangu." Sauti ikashuka. "Nilitaka urudi."

"Eh, Ruphin!" fundi mmoja akaguna.

"Kwa hiyo uliniuzia ugonjwa ili uone uso yangu!"

"Na weye ulinitumia maiti kwa mukono ya yule kijana wa koti ili usione yangu! Vernis yako, ile rangi nyekundu, iko chini yake, Edith. Nilivyoiona nilisema: anauza kazi yake, basi mutoto anaumwa sana. Nililipa, nikaogopa hata kuuliza zaidi. Siku mbili niko nasafisha juu nikurudishie."

Edith alitaka kulia, na kulia mbele ya watu wale hakutaka. Kando ya bisibisi palikuwa na kopo la poda, alilolinunua Ruphin alinganishe harufu. Akalinyakua, akang'oa kifuniko.

"Hii juu ya maman Albertine!" Akammwagia kichwani. "Hii juu ya miguu yangu! Hii juu ya kila 'kaa kidogo' ulisema ukijua!"

Akalitikisa kopo hadi likaisha. Ruphin hakukwepa. Alisimama mweupe hadi kope.

Na hapo kisasi kikamponyoka mkononi. Maana waliokuwa mbali hawakusikia neno hata moja. Waliona tu mwanaume anamwagiwa poda na mwanamke aliyevaa vizuri, na katika mji ule jambo hilo lina maana moja: heri imempata. Kigelegele cha kwanza kilitoka mlangoni pa baa. Cha pili kikakijibu ng'ambo.

"Félicitations, vieux Ruphin!"

"Amepata diplôme?"

"Acha, ni mutoto! Bamemuzalia!"

Mtu akaongeza muziki. Mama mmoja asiyejua lolote akaja akacheza hatua chache mbele ya meza, akampigia Ruphin makofi, akaenda zake. Edith akabaki na kopo tupu, hajui aliweke wapi.

"Mamu," Ruphin akasema, poda ikimtoka mdomoni, "banauliza nimepata nini. Nibajibu nini?"

"Bajibu ukweli."

"Ukweli ni kwamba mama yangu amesema ndiyo. Wajomba biko njiani, banakuya kwa shangazi yako kukuposa. Njo maana nilienda Kasenga. Ukikatala, nitabaambia ni poudre ya bure."

Edith akaliweka kopo mezani.

"Kwanza utaenda kwa maman Albertine," Edith akasema. "Utasimama mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba yake, mbele ya bantu yake bote, useme uliniuzia appareil yenye siri. Na mie nitasema yangu ya poudre. Binti yake atavaa gauni tena, nitamupiga picha moja moja, na weye utanishikia mwavuli juani mpaka mukono ikufe."

"Nitashika na mikono yote mbili."

"Na niko bado na kasirani."

"Naiona. Iko ku kichwa yangu."

Edith akauma mdomo asicheke. Akalowesha kidole kwa ulimi, akamfuta kope za jicho moja, kisha za jingine, bila upole wowote. Ruphin akafumba macho.

"Usifunge," akamwambia polepole. "Niangalie."

Neno lenyewe lililosubiriwa na barabara nzima hakulisema. Mkono wake tu ulibaki pale, juu ya shavu jeupe, haushuki. Watu wakatazamana. Plamedie, aliyekuwa ameegemea meza akichora kwa kidole kwenye poda, akainua macho akamtazama yule mtu mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kisha akawaambia mafundi wote kwa sauti:

"Tonton Ruphin amefaulu."