Gauni Lisilochukuliwa

Jua lilikuwa linazama, na mshonaji alitaka kuuwahi mwanga wa dirishani. Mama yake alikuwa mgonjwa, tena mbali, na hajamwona mjukuu. Picha moja tu, yeye na mtoto, roho ya bibi itulie. Jirani yao mpiga picha alimwazima kamera yake kuukuu bila hata kuombwa.

"Weka kitu pale utakapokaa," alimfundisha. "Kamera ikishakiona vizuri, kiondoe, bonyeza hapa, ukae wewe. Itahesabu, kisha itajipiga yenyewe."

Akaliweka kwenye kigoda sanamu la kupimia nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Lilikuwa jeusi, kamera haikuliona. Akalivika gauni jeupe lililokuwa likining'inia ukutani kwa miezi, halijachukuliwa.

Wifi yake akasita mlangoni. "Wifi, hilo si la yule mteja aliyefia uzazini? Si alilishonesha la kutokea hospitali na mwanawe?"

"Mara moja tu, wifi. Marehemu hana haja nalo."

"Haya, mrembo. Usiipasue kamera ya watu kwa hilo tabasamu." Akacheka, akaenda kuanua nguo.

Kamera ilipoliona gauni, mshonaji akalisukuma sanamu kando, akabonyeza kamera, akawahi kukaa na mtoto aliyelala mapajani.

Ti... ti... ti... Kacha!

Akatazama picha kwenye kioo cha kamera. Nyuma ya bega lake, gauni jeupe.

"Sikulisogeza vizuri," akajisemea. Akaliburuta hadi kwenye kona, akabonyeza tena.

Ti... ti...

Harufu ya damu. Mbichi.

Kacha!

Kwenye picha, mikono ya gauni ilikuwa imejaa.

Kabla hajapiga kelele, vidole vya baridi vilimshika nywele, vikamvuta nyuma. Kichwa kikagonga ukingo wa dirisha, puu! Mapaja yakawa mepesi.

Mtoto!

Gauni lilikuwa limempakata.

"Nipe mwanangu!"

"Wangu..." ilinong'ona sauti isiyo na mdomo.

Akapapasa mezani, akapata mkasi. Akachoma. Akachoma tena. Kitambaa kilipasuka, na chini ya kitambaa palikuwa na nyama, ya moto, inatetemeka. Kucha zikamchana shavu mpaka likafunguka. Hakuacha. Akauzamisha mkasi kifuani kwa nguvu zake zote, huku akimvuta mwanawe kwa mkono wa pili.

Kikatoka kilio. Si cha mtoto. Cha mwanamke.

Wifi aliingia mbio akawakuta sakafuni, mama damu tupu usoni, mtoto mikononi mwake, mzima. Sanamu lilikuwa chali, mkasi umesimama kifuani. Kwenye gauni hapakuwa na hata tone la damu. Lakini kifuani lilikuwa limelowa.

Wifi akagusa, akanusa vidole.

"Maziwa," akanong'ona.

Hata midomo ya mtoto ilikuwa na maziwa. Mama yake akatoa titi upesi, akimbembeleza. "Nyonya, baba. Nyonya, mama yuko hapa."

Mtoto akaligeuzia titi uso. Akainyoosha mikono yake midogo kwenye gauni lililochomwa, akalia kama yatima.